Maswali ya Wasomaji: Watoto wa Kambi Wakienda Porini

Likizo zinakaribia na barua zimejaa mezani. Nyingi zinahusu ile safari ya siku mbili tatu ambapo kambi huwatoa watoto mabwenini na kuwapeleka porini kwa miguu, shanta mgongoni, usiku wakalala kwenye mahema. Wengi wenu mmeuliza kuhusu nyoka na wanyama wakali. Sisi tumechagua barua zinazogusa soksi, sabuni na saa, maana hivyo ndivyo vinavyovunja safari mara nyingi zaidi.

Mwanangu ana miaka tisa na uzito wa kilo 28. Kambi imetupa orodha ndefu ya vitu vya safari ya usiku mmoja, na nikivipakia vyote shanta inamwinamisha. Nipunguze nini? — Mama mwenye mashaka

Mama, anza na mizani kabla ya orodha. Panda mizani ukiwa umebeba shanta iliyojaa, kisha panda bila shanta. Tofauti ndiyo uzito wake. Kwa umri huo lenga asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Kwa kilo 28 ni kati ya kilo 2.8 na 4.2, nazo huisha upesi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mfuko wa kulalia ni kilo moja na ziada kidogo. Shanta tupu yenyewe huweza kukaribia kilo moja. Inabaki kama kilo moja tu ya nguo, koti la mvua, bakuli na tochi. Hema, sufuria na chakula cha kundi havina nafasi humo. Huo ni mzigo wa viongozi na watoto wakubwa, na kama kambi inategemea mtoto wa miaka tisa abebe hema, waulize mapema.

Punguza nguo kwanza. Usiku mmoja unataka seti mbili: moja ya kutembelea, ambayo italowa jasho na pengine mvua, na moja kavu ya kulalia ambayo haivaliwi mchana hata iweje. Asubuhi anarudia ile ya jana. Ikiwa na unyevu atalalamika dakika tano, halafu mwendo utaikausha. Mtoto anayevaa nguo kavu mchana kwa sababu ya uvivu wa asubuhi ndiye anayetetemeka usiku. Jinzi na fulana nzito za pamba ziache nyumbani: pamba hunywa maji, haikauki, na ikilowa huunyonya mwili joto lake. Sufu na nailoni ni bora. Soksi ni jozi tatu, moja kati ya hizo ikiwa ya kulalia tu.

Kupakia nako kuna namna yake. Tandaza ndani ya shanta mfuko mkubwa wa taka wa plastiki, kisha weka kila kitu humo na ukunje mdomo wake. Vifuniko vya mvua vya nje huacha maji yapite upande wa mgongo. Mfuko wa kulalia ukae chini kabisa. Vizito vikae katikati, vikigusana na mgongo, maana vikikaa mbali na mgongo vinamvuta mtoto nyuma. Koti la mvua liwe juu kabisa. Akivaa, afunge kwanza mkanda wa nyonga, juu ya mifupa ya nyonga na si tumboni, ndipo akaze mikanda ya mabega. Wengi huanza na mabega, na ndiyo maana huumia shingo.

Viatu avivae angalau wiki mbili kabla ya safari, na akatwe kucha za miguu siku ya kuamkia safari. Kucha ndefu kwenye mteremko husukumana na ncha ya kiatu hadi kidole kinavia damu.

Shikamooni. Nina miaka 19, ni kiongozi msaidizi wa kambi. Nimepewa watoto 12 wa miaka 11 hadi 13 na njia ya kilomita 10 yenye mwinuko wa mita 600. Nimeambiwa ni saa nne za mwendo. Je, hesabu hiyo ni sahihi?

Marahaba, kijana. Hesabu hiyo inatokana na kanuni ya zamani ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, aliyeiandika mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, pamoja na saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yako inatoa saa tatu tu, na aliyekwambia nne pengine aliongeza moja ya tahadhari. Lakini Naismith alikuwa akiwapigia hesabu watu wazima walio imara, wasiosimama njiani.

Kwa watoto wenye mizigo tumia kilomita tatu kwa saa, na saa moja kwa kila mita 400 za kupanda. Kilomita 10 ni saa tatu na dakika 20. Mwinuko ni saa moja na nusu. Jumla ni saa nne na dakika 50. Ongeza mapumziko ya dakika kumi kila saa, kama dakika 50 hivi, na saa nzima ya chakula. Umefika saa sita na dakika 40. Sasa rudi nyuma ukianzia machweo. Jua likizama saa kumi na mbili na nusu jioni, mnatakiwa kufika saa mbili kabla yake, yaani saa kumi na nusu, ili mahema yasimikwe na chakula kiive kukiwa na mwanga. Basi mguu wa kwanza utoke saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, si baada ya hapo. Na kumbuka kwamba watoto 12 wanahitaji karibu saa mbili tangu kuamshwa hadi shanta ya mwisho kufungwa.

Panga pia saa ya kugeuka. Kabla ya kuondoka andika: "Tusipokuwa kwenye daraja saa saba mchana, tunarudi." Iandike, kwa sababu saa saba ikifika kila mtu atakuwa na sababu ya kuendelea.

Mpangilio wa msafara ndio unaowashinda viongozi wengi wapya. Wenye nguvu hutangulia, hufika kilimani, hukaa kuwasubiri wenzao. Anayebaki nyuma anafika akihema, na papo hapo wote wanasimama kuendelea. Matokeo yake wenye nguvu wanapumzika dakika kumi na mnyonge hapumziki hata moja. Kwa hiyo mweke mtoto mwenye mwendo wa pole nafasi ya pili, nyuma yako tu, nawe ufuate mwendo wake. Dakika za mapumziko zianze kuhesabiwa mtu wa mwisho anapokaa chini. Kiongozi mwenzako awe mkia, asipitwe nyuma na mtoto yeyote, na sanduku la huduma ya kwanza liwe kwake, kwani anayeumia hubaki nyuma. Kwenye kila njia panda kundi zima lisimame na kuhesabiwa kwa namba.

Simama mara ya kwanza baada ya dakika 20 tu. Waulize kila mmoja: kuna mahali panapochoma mguuni? Hapo lengelenge halijatoka bado, na kipande cha plasta ya kitambaa juu ya ngozi kavu kinamaliza kazi. Ukisubiri saa mbili utakuwa na mtoto anayechechemea na njia ndefu mbele yako. Lengelenge dogo usilipasue. Kubwa linalozuia kutembea litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa, minya maji yatoke, iache ngozi ya juu mahali pake, kisha ulifunike.

Tutachota maji kwenye kijito cha mlimani, ni maangavu kabisa. Mpishi wetu huyachemsha dakika kumi na gesi inaisha. Kuna njia fupi? — Mwalimu wa kambi

Ipo, Mwalimu. Yakishatokota vizuri, dakika moja inatosha. Juu ya mita 2,000 zifanye dakika tatu, kwa kuwa huko maji huchemka kwenye joto la chini zaidi. Dakika zinazobaki hadi kumi ni gesi inayochomwa bure.

Uangavu usikudanganye. Vijidudu vya kuhara havionekani, na mnyama aliyekufa juu ya mkondo haandiki taarifa. Vidonge vya klorini hufanya kazi, mara nyingi kwa dakika 30, na zaidi maji yakiwa baridi. Fuata maelezo ya pakiti. Maji yenye tope yaache yatuame na uyachuje kwa kitambaa kwanza, la sivyo dawa inaishia kwenye uchafu. Udhaifu wa klorini ni kwamba kimelea kiitwacho kriptosporidiamu huistahimili, na ndicho kinachopatikana kwenye mito inayonywewa na mifugo. Chujio lenye matundu ya mikroni moja au chini ya hapo hukizuia, lakini machujio mengi ya kubebwa hupitisha virusi. Kuchemsha ndiko kunakomaliza vyote.

Kosa dogo linaloharibu kazi yote liko kwenye kifuniko. Mtoto anajaza chupa, anaweka kidonge, anafunga, anasubiri kwa utii, kisha anakunywa kwa kugusa hesi za mdomo wa chupa zilizo na maji mabichi. Baada ya dakika tano za kuweka kidonge, legeza kifuniko, geuza chupa kidogo ili maji yenye dawa yazioshe hesi, kisha kaza tena na usubiri.

Pamoja na hayo, kundi zima likiharisha usiku mmoja, chunguza mikono kabla ya kulaumu kijito. Dawa ya kupaka ya spiriti haiviwezi vizuri baadhi ya virusi vya kutapika na kuhara, hasa norovirusi. Sabuni na maji yanayotiririka huviondoa. Toboa kifuniko cha chupa ya lita moja matundu matatu, ining'inize karibu na njia ya chooni pamoja na sabuni ndani ya soksi kuukuu, na kila arudiye apite hapo. Karanga na matunda makavu yamiminwe kiganjani mwa mtoto. Mkono ukishaingia kwenye mfuko wa wote, wote wameshirikiana zaidi ya karanga.

Kiasi cha kunywa ni nusu lita hivi kwa saa ya mwendo, zaidi kukiwa na joto, pamoja na kitu chenye chumvi. Mkojo mweusi kama chai ya rangi ni dalili kwamba amechelewa.

Shimo la choo lichimbwe wapi?

Hatua 80 za mtu mzima, au kama 110 za mtoto, kutoka kwenye maji, njia na mahema. Hiyo ni kama mita 60. Kina ni sentimita 15 hadi 20, kwenye udongo mweusi wa juu ambamo vijidudu vya kuozesha vipo kwa wingi. Ukichimba chini zaidi kinyesi hakiozi upesi, ukichimba juu mno kinafukuliwa na wanyama. Karatasi zirudi nyumbani ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Mtoto asiende peke yake usiku.

Nimewafundisha mapacha wangu wa miaka minane wakipotea wafuate mto hadi wafike kwa watu. Kiongozi wa kambi amewaambia wasitembee kabisa. Nani yuko sahihi? — Baba wa mapacha

Kiongozi, Baba, na hilo la mto lifute leo. Mto huelekea kwenye maporomoko na miamba yenye utelezi, na kelele zake humeza sauti ya anayeita na ya anayeitwa. Kisha kuna hesabu ya eneo. Mtoto anayetembea kilomita mbili kwa saa, baada ya saa moja yuko popote ndani ya duara la kilomita za mraba 12 na nusu. Baada ya saa mbili duara hilo ni kilomita za mraba 50. Muda umeongezeka mara mbili, kazi ya watafutaji imeongezeka mara nne. Aliyekaa chini hapatikani mbali.

Wafundishe mambo machache na muyafanyie mazoezi uwanjani. Ukigundua umepotea, kumbatia mti ulio karibu na ukae hapo. Mti unampa mtoto mwenzi na unamzuia kuzurura kwa hofu. Puliza filimbi mara tatu, pumzika, puliza tena. Vaa kila ulicho nacho kabla hujahisi baridi, na kalia majani makavu au shanta, usikalie ardhi tupu. Na hili husahauliwa: jibu yeyote anayekuita kwa jina lako. Watoto wameambiwa tangu wadogo wasiongee na wageni, hivyo wako wanaojificha kimya watafutaji wakipita hatua chache kutoka walipo. Wengine hujificha wakiogopa kuchapwa au kusemwa. Waahidi mbele ya kiongozi wao kwamba aliyepotea haadhibiwi.

Filimbi iwe isiyo na gololi ndani, ili ilie hata ikilowa. Isifungwe kwenye shanta. Mtoto hupotea kwa urahisi anapokwenda haja, na shanta ameiacha njiani. Wala isivaliwe shingoni kwa kamba ndefu ya kunasa kwenye matawi. Ifunge kwa uzi mfupi kwenye zipu ya koti au kitanzi cha suruali.

Viongozi wanaosoma hapa: kila asubuhi piga picha ya watoto wote kwa nguo walizovaa siku hiyo. Kabla ya safari, kila mtoto akanyage kipande cha karatasi ya alumini kilichowekwa juu ya taulo iliyokunjwa. Alama ya soli yake itabaki hapo, andika jina na uhifadhi. Mtu akikosekana, simamisheni kundi, andikeni saa na mahali alipoonekana mara ya mwisho, kiongozi mmoja abaki na watoto wote wakiwa wamekaa, mwingine arudi njia mliyopita akiita na kusikiliza. Zikipita dakika 15 bila jibu, ombeni msaada wa nje. Ni afadhali kuwaomba radhi waokoaji kwa sababu mtoto amepatikana kuliko kuwaita magharibi.

Mvua ilitunyeshea, mtoto mmoja akatetemeka sana, kisha kutetemeka kukaisha akawa ametulia. Hiyo ni nafuu?

Kama alikuwa amebadilishwa nguo, amekula na anaongea vizuri, ndiyo. Kama bado alikuwa na nguo mbichi, hapana kabisa: mwili umeishiwa nguvu za kutetemeka, na joto linaendelea kushuka. Haihitaji theluji, nyuzijoto 10 na upepo juu ya nguo zilizolowa vinatosha, na mtoto mwembamba hutangulia wenzake. Dalili za mapema ni kujikwaa, kununa bila sababu, kushindwa kufunga zipu, maneno kuvutana mdomoni.

Akiwa bado anatetemeka na ana akili zake, mkinge upepo, mvue vyote vibichi, mvike kavu na kofia, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Akiwa amezubaa, mlaze juu ya mikeka au shanta, maana ardhi hunyonya joto kuliko hewa, mfunike kwa mifuko miwili ya kulalia, mguse taratibu, usimsugue viungo, usimtembeze, usimpe kitu cha kunywa, na uite msaada.

Radi ikitukuta mlimani tuingie kwenye mahema?

Hema halikingi radi. Ni kitambaa na vyuma. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, yaani radi iko kilomita kumi hivi au karibu zaidi, muwe tayari mmeshaondoka kileleni, majini na chini ya mti ulio peke yake. Nyumba ya kweli au gari lenye paa la chuma ndiyo kinga. Pasipokuwepo, shukeni bondeni penye miti mifupi inayolingana, mwachane mita 15 au zaidi, kila mtu achuchumae miguu ikiwa pamoja, asilale chini, kwa sababu umeme husambaa ardhini. Kuachana kunawatisha watoto, lakini ndiko kunakobakiza mtu wa kuwasaidia wenzake. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse bila hofu, na kama hapumui anza kumfufua mara moja.

Jiko la gesi kambini: watoto wa miaka kumi waruhusiwe kupika?

Waruhusiwe, wawili kwa zamu, pamoja na kiongozi. Chora duara la mita tatu kwa fimbo, asiyepika haingii. Mpishi apige magoti au achuchumae, asikae amenyoosha miguu, kwani sufuria ikipinduka maji humwagikia mapajani naye hawezi kuruka. Kamwe jiko lisiwashwe ndani ya hema, hata mvua inyeshe vipi: moto ni hatari moja, hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu ni nyingine. Akiungua, vua nguo iliyolowa maji ya moto, poza kwa maji safi ya baridi dakika 20, funika kwa plastiki safi. Dawa ya meno na siagi zibaki kwenye kazi zake.

Binti yangu ana miaka kumi na bado hukojoa kitandani. Anataka sana kwenda, lakini anaogopa wenzake watajua. Nimzuie? — Mama, jina tumelihifadhi

Asizuiwe, Mama. Mwambie kiongozi mmoja tu wa kike, na binti ajue ni yupi. Suruali ya kufyonza ya usiku itangulie kuwekwa ndani kabisa ya mfuko wa kulalia kabla hajaondoka nyumbani, ili aivae akiwa amejifunika na aivue vivyo hivyo asubuhi. Weka pia shuka jepesi la kutandika ndani ya mfuko huo, suruali ya pili ya kulalia, na mifuko miwili myeusi ya plastiki ya kutia vilivyotumika. Kiongozi avibebe yeye. Usimkatishe maji mchana, maana atatembea kwa kiu. Anywe vizuri hadi alasiri, apunguze saa mbili kabla ya kulala, na aende haja mara mbili: wenzake wakienda, na tena taa zikizimwa. Kiongozi anaweza kumwamsha yeye mwenyewe anapokwenda kulala, na ili asionekane ametengwa, awaamshe watoto wote wa hema hilo, "anayetaka kwenda, twende." Alale karibu na mlango.